Kumalizia Tarizi ya Hariri ya Kijapani: Kutoka Mshono wa Mwisho Hadi Ukutani

Anayetarizi kwa mtindo wa Kijapani huweza kukaa na kitambaa kimoja kwa miezi, akiinamia kiunzi kilekile siku baada ya siku, na siku anapotia mshono wa mwisho hamu inayomjia ni moja: kukata kamba, kukitoa kitambaa na kukiinua kwenye mwanga. Hamu hiyo imeharibu kazi nyingi, ikiwemo yangu ya kwanza. Katika nihon shishu, kama Wajapani wanavyouita utarizi wao wa jadi, umaliziaji huitwa shiage, nao hufanyika kitambaa kingali kimekazwa kwenye kiunzi, tena sehemu yake kubwa hufanyika upande wa nyuma ambao mtazamaji hatauona. Mwongozo huu unaifuata kazi hiyo kwa mpangilio wake, kwa kudhani kwamba umetarizi kwa uzi wa hariri na uzi wa dhahabu juu ya kitambaa cha hariri, na kwamba mishono yote ya mbele imekwisha.

Kwa nini kitambaa kisitolewe kwanza

Sababu imo katika uzi wenyewe. Hariri ya kutarizia ya Kijapani huuzwa ikiwa bapa, yaani haijasokotwa, na mtarizi ndiye anayeamua ni wapi ataitumia hivyohivyo ili mng'ao wake utande kama maji yaliyotulia, na ni wapi ataisokota kwa viganja vyake ili ipate nguvu. Uzi bapa una mng'ao ambao uzi uliosokotwa hauupati, lakini nyuzinyuzi zake hazishikani. Ukucha wenye mkwaruzo mdogo tu unatosha kuzichomoa. Zaidi ya hayo, mtindo huu hauupendi mwisho wa uzi wenye fundo kubwa: uzi humaliziwa kwa mishono miwili au mitatu midogo kama kichwa cha pini, iliyofichwa chini ya mishono mingine. Kinachoishika kazi nzima kwa miaka ni tabaka jembamba la gundi ya wanga linalopakwa nyuma. Gundi hiyo ikikauka kitambaa kikiwa kimenyooka, kazi hubaki imenyooka; ikikauka kitambaa kikiwa kimelegea, kila mkunjo hugandishwa mahali pake.

Tofauti hiyo ya uzi imeandikwa hata kwenye masalio ya kale. Hekalu la Chuguji, katika mkoa wa Nara, lina vipande vya Tenjukoku Shucho, tarizi iliyotengenezwa baada ya kifo cha Mwanamfalme Shotoku mwaka 622. Ilipochakaa ilitengenezewa nakala mwaka 1275, na vipande vilivyobaki vya zote mbili vikaja kuunganishwa pamoja. Ajabu ni kwamba vile vya karne ya 7, vilivyotariziwa kwa uzi uliosokotwa kwa nguvu, vimehifadhi rangi na umbo vizuri kuliko vile vilivyovifuata kwa zaidi ya miaka 600. Anayependa uzi bapa, nami ni mmoja wao, na ajue amechagua uzuri unaohitaji ulinzi.

Kukagua na kusafisha

Usianze jioni ya siku uliyotia mshono wa mwisho, kwa sababu jicho lililochoka husamehe mengi. Siku inayofuata, weka kiunzi karibu na dirisha, au washa taa na uiweke chini pembeni ili mwanga upite juu ya kitambaa kwa mshazari. Mwanga unaotoka juu huficha makosa. Mwanga wa pembeni huonyesha mshono uliolegea, pengo ambalo kitambaa kinachungulia, na uzi wa dhahabu ulionyanyuka. Kigeuze kiunzi pande zote nne, maana hariri hubadilika rangi kila unapobadilisha pembe, na kasoro isiyoonekana upande mmoja hujitokeza upande wa pili.

Mishono ya uzi bapa iliyojikusanya hunyooshwa kwa tekobari, kijiti cha chuma chenye ncha kinachotumiwa wakati wa kutarizi kuulaza uzi. Kipitishe ubavuni mwa uzi kwa kufuata urefu wa mshono, bila kukwangua, mpaka uone mng'ao umerudi kuwa ukanda mmoja. Uzi uliofumuka na kutoa manyoya mafupi usiuvute. Ukiuvuta, mvuto huo huingia mpaka mwisho wa pili wa mshono. Kata manyoya kwa mkasi mdogo wenye ncha kali, ukiulaza mkasi karibu sawa na kitambaa. Ikiwa mshono mzima umeharibika, ufumue sasa na uushone upya, kwa kuwa baada ya gundi nafasi hiyo haitarudi kirahisi.

Uzi wa dhahabu unastahili ukaguzi wa peke yake. Uzi wa dhahabu wa jadi wa Japani ni karatasi iliyopakwa laki na kubandikwa dhahabu, ikakatwa vipande vyembamba na kuzungushwa juu ya kiini cha uzi. Ambao wengi wetu tunautumia leo ni wa kutengenezwa viwandani, lakini tabia yake ya kuzungushwa ni ileile. Haupitishwi ndani ya kitambaa kama uzi mwingine, bali hulazwa juu na kushikwa kwa mishono midogo ya uzi mwembamba. Angalia kama umbali kati ya mishono hiyo unalingana, hasa kwenye kona, ambako mkono huwa na haraka. Ncha za dhahabu zinazopelekwa nyuma ziwe zimelazwa chini ya eneo lililotariziwa na kukatwa zikiwa na urefu wa kama sentimita 1. Zikiwa ndefu kuliko hapo zitaleta uvimbe mbele.

Geuza kiunzi utazame nyuma. Kata ncha zote za hariri zibaki na urefu wa nusu sentimita hivi, na utafute nyuzi zilizorukishwa kutoka ua moja hadi jingine, kwani kwenye kitambaa chepesi hizo huonekana mbele kama kivuli.

Baada ya hapo ndipo vumbi huondolewa. Gongagonga nyuma ya kitambaa kwa vidole, kiunzi kikiwa kimesimama, ili chembe zianguke zenyewe. Kisha gusisha mbele kipande safi cha mahameli, ukikigusisha na kukiinua bila kusugua. Kama mchoro ulichorwa kwa gofun, ule unga mweupe wa makombe ya chaza, mistari iliyobaki nje ya mishono huondolewa kwa brashi ndogo kavu. Mistari ya aobana, rangi ya buluu inayotokana na ua, hutoka kwa maji. Hiyo usiishughulikie mpaka umefanya jaribio la rangi ninaloeleza hapa chini.

Mikono yako pia ni sehemu ya usafi. Nawa kwa sabuni, kausha kabisa, piga kucha tupa, na usipake mafuta siku hiyo. Kwa anayeishi pwani kama mimi, ambako jasho halimwachi mtu hata asubuhi, ni vyema kuweka kitambaa cha pamba pembeni na kupangusa mikono kila baada ya dakika chache.

Kukaza upya na kujaribu rangi

Kitambaa kilichokaa kwenye kiunzi kwa miezi huwa kimelegea hata kama macho hayaoni. Kaza kwanza pande za juu na chini, kisha fungua kamba za pembeni na uzikaze moja baada ya nyingine kuanzia katikati kuelekea kwenye pembe, ukibadilishana kushoto na kulia. Ukikigonga kwa ukucha kitambaa kilie kama ngoma ndogo. Tazama mistari ya mfumo wa kitambaa: ikiwa imepinda karibu na kamba, umekaza upande mmoja kupita kiasi, na mpindo huo gundi itaufanya wa kudumu. Pima kwa rula kutoka ukingo wa mchoro hadi kwenye ubao wa kiunzi katika sehemu tatu za kila upande. Vipimo vikipishana zaidi ya milimita 2 au 3, rudia. Acha kiunzi kilale usiku mmoja, ukaze tena kidogo asubuhi.

Asubuhi hiyo jaribu rangi. Lowesha kipande cheupe cha pamba, kikamue, ukibonyeze kwa sekunde 30 upande wa nyuma juu ya kila rangi nzito. Nyekundu ndiyo mchokozi mkubwa, na zambarau huifuata. Tone dogo linalotoka kwenye utosi mwekundu wa korongo linaweza kuigeuza shingo yote nyeupe kuwa ya waridi. Rangi ikichapa kwenye pamba, eneo hilo lisipate maji kabisa: gundi yake iwe nzito zaidi na kidogo zaidi, na mvuke usipite hapo.

Kupika gundi

Tumia wanga wa ngano, yaani ule uliokwisha kutolewa protini zake zinazonata, wala si unga wa ngano wa chapati. Unga wa jikoni una protini zinazofanya gundi ivute, iwe na rangi ya manjano baada ya muda na kuwakaribisha wadudu. Gundi nyeupe ya dukani nayo ikae mbali, kwa sababu ikikauka haitoki tena, ilhali ya wanga hulainika kwa unyevu hata baada ya miaka mingi, na anayekuja kuitengeneza kazi hiyo siku za usoni atakushukuru.

Chukua kijiko 1 cha wanga kwa vijiko 5 vya maji safi. Loweka kwa saa moja, kisha weka kwenye moto mdogo ukikoroga bila kuacha kwa dakika 20 hivi. Mwanzoni utaona maji meupe tu na utadhani umekosea. Ghafla mwiko utakuwa mzito, weupe utaanza kupungua, na gundi itang'aa na kuonyesha chini ya sufuria unapokoroga. Endelea kuikoroga hata baada ya dalili hiyo, kwa kuwa wanga ambao haujaiva vizuri haushiki. Ikipoa ichuje kwa chujio laini mara mbili, ukiikandamiza kwa mgongo wa kijiko, na uongeze maji kidogokidogo mpaka iwe nzito kama tui la kwanza. Haiwekeki: kwenye jokofu hukaa siku chache tu, na ikianza kunuka uchachu imwagwe.

Msomaji wa Zanzibar au Lamu atasema kwamba wanga kwenye kushona si jambo geni, kwani kofia nayo hutiwa wanga ikishafuliwa vizuri. Lakini wanga wa kofia hutiwa kote ili kofia isimame. Hapa unatakiwa kushika nyuzi bila kukifanya kitambaa kiwe kigumu, na hiyo ndiyo tofauti inayoamua kiasi cha gundi utakachochota.

Kupaka

Simamisha kiunzi au kiegemeze ili uufikie upande wa nyuma bila mbele kugusa kitu chochote. Chota gundi kwa ncha ya kidole cha shahada, kiasi cha punje ya mchele, uisugue kwanza kwenye kidole gumba ili itandae, kisha uipake nyuma ya mishono kwa kufuata mwelekeo wake. Kidole ni bora kuliko brashi, kwa sababu ngozi huhisi mahali uzi ulipo na mahali kitambaa kitupu kinapoanzia. Paka penye mishono tu. Gundi ikivuka ukingo wa ua kwa milimita chache, eneo hilo litaonekana mbele kama doa la maji.

Shughulikia eneo dogo kwa wakati mmoja, tuseme petali moja au unyoya mmoja wa bawa. Baada ya kupaka, chukua kitambaa cha pamba kilicholoweshwa na kukamuliwa sana, ufute gundi iliyobaki juu ya nyuzi kwa mpapaso mmoja au miwili ya upande uleule. Kinachotakiwa kibaki ni kile kilichoingia kati ya nyuzi. Ukipitisha kidole na kukikuta kinateleza, bado ni nyingi. Mafundo madogo ya mapambo, yanayoitwa sagara, na ncha za uzi wa dhahabu hupewa gundi zaidi kidogo, kwa kuwa hayo ndiyo ya kwanza kuachia. Mishono iliyojazwa chini kwa pamba ili inyanyuke hupewa gundi pungufu kuliko yote, vinginevyo unyevu huingia kwenye pamba na kukawia humo.

Kila baada ya eneo moja, nenda ukatazame mbele. Gundi iliyopenya huonekana kama nukta zenye giza kati ya nyuzi. Zipanguse mara moja kwa pamba yenye unyevu kidogo; zikishakauka zitang'aa, na hutaweza kuziondoa bila kuharibu uzi.

Mvuke na pasi

Gundi ikiwa bado na unyevu, hariri hupitishiwa mvuke ili nyuzi zijae na kulala. Chovya kipande cha bafta kwenye maji, kikamue, ukizungushie kwenye pasi iliyopata moto, na mvuke ukianza kutoka ipeleke pasi nyuma ya kitambaa kwa umbali wa sentimita 3 hivi, ukiisogeza wakati wote na bila kugusa. Birika linalochemka linafaa pia, ila lina hatari ya kutema matone. Utaona mbele uzi bapa ukivimba kidogo na mng'ao ukijitengeneza, na hilo likitokea sogea mbele, kwa sababu mvuke mwingi hauongezi kitu. Kwenye uzi wa dhahabu wa karatasi, pita haraka sana au usipite kabisa.

Wapo wanaomalizia kwa kuweka karatasi nyembamba nyeupe juu ya mishono na kupitisha pasi ya moto mdogo upande wa mbele. Kwa mishono iliyolala, njia hiyo huleta mng'ao mzuri. Kwa mishono iliyonyanyuliwa, au kwa dhahabu, mimi siifanyi, kwa kuwa pasi hulaza kwa sekunde moja kile ulichokijaza kwa siku tatu. Kitambaa kitupu kinaweza kupigwa pasi ya moto wa hariri kwa nyuma, kuizunguka mishono bila kuikanyaga.

Sasa subiri. Kiunzi kikae mahali penye hewa, mbali na jua na feni inayopuliza moja kwa moja, kwa saa 24. Wakati wa mvua za masika mimi huacha siku mbili. Korongo wangu wa kwanza nilimtoa baada ya saa mbili, kwa sababu nilipogusa kitambaa nilikiona kikavu. Kulipokucha bawa la kushoto lilikuwa na mikunjo kama kanzu iliyolaliwa, maana juu palikuwa pamekauka na ndani ya mishono bado palikuwa na maji. Nilijaribu pasi, nilijaribu mvuke, na mikunjo ile ipo mpaka leo.

Kuwamba kwenye ubao

Kabla ya kulegeza kamba, weka alama kwa uzi wa rangi tofauti katikati ya kila upande wa picha, nje ya eneo litakaloonekana. Legeza kamba kidogokidogo pande zote, usimalize upande mmoja kwanza. Kata kitambaa ukiacha sentimita 6 au 7 za ziada kila upande.

Ubao uwe kadibodi ngumu isiyo na asidi, iliyokatwa pungufu kwa milimita 3 kuliko nafasi ya ndani ya fremu ili unene wa kitambaa upate pa kukaa. Juu yake tandika flaneli nyeupe ya pamba, ambayo itayapokea mafundo na ncha za nyuma. Laza tarizi juu, ioanishe na alama zako, na uchome pini kwenye unene wa ubao: moja katikati ya kila upande, kisha ukielekea pembeni, pini moja kila sentimita 1. Fuata mstari mmoja wa mfumo wa kitambaa kutoka pini hadi pini. Ukiukosa huo, picha itakaa upogo na kila atakayeingia chumbani ataliona kosa kabla hajaliona ua.

Geuza ubao chini juu ya taulo laini. Kwa uzi wa pamba wenye nguvu, shona kwa kwenda na kurudi kutoka ukingo mmoja hadi ule unaoukabili, ukianzia katikati, halafu kaza uzi wote taratibu kabla ya kuufunga. Fanya hivyo kwa pande mbili zilizobaki, kunja pembe kama unavyofunga zawadi na uzishikize kwa mishono. Ndipo utoe pini. Pini za stepla na gundi ya mgandisho nimeona vikitumika, na vyote viwili huacha kutu au madoa.

Kwenye fremu, kioo kisiiguse hariri kamwe. Weka ukanda wa kadibodi wa kama milimita 6 kati yao, au zaidi ikiwa mishono imenyanyuka, kwa maana unyevu unaoganda upande wa ndani wa kioo hubandika nyuzi na kualika ukungu. Kioo kinachozuia mionzi ya jua ni ghali kidogo lakini kinafaa, ingawa hata hicho hakitaokoa kazi iliyotundikwa mkabala na dirisha.

Ikiwa tarizi yako ni ya kakejiku, yaani picha ya kuning'iniza inayokunjwa kama mkeka, ipeleke kwa fundi wa karatasi na gundi anayeitwa hyogushi. Hiyo ni kazi ya ufundi mwingine kabisa.

Ikibaki kabatini

Mkanda wa obi unaofungwa juu ya kimono, kitambaa cha kufunikia zawadi au kipande kisichowambwa kizungushwe kwenye bomba pana lililofunikwa kwa karatasi isiyo na asidi, mishono ikiwa upande wa nje. Ikiwa ndani hubanwa na kuvunjika. Usikifunge kwa mpira, kwa kuwa mpira hugeuza rangi ya uzi wa dhahabu na wa fedha hata bila kuugusa, bali tumia utepe wa pamba. Dhidi ya nondo tumia kafuri au nafthalini, ila usichanganye viwili hivyo katika sanduku moja, kwa maana vikikutana huyeyuka na kudondosha mafuta yasiyotoka kwenye hariri. Viwekwe kwenye kifuko juu, visiguse kitambaa. Wajapani wana desturi ya mushiboshi, kutoa nguo za hariri katika siku kavu na kuzianika kivulini kwa saa chache. Kwa pwani ya Afrika Mashariki chagua wiki kavu ya kaskazi, asubuhi umande ukishakauka, na uvirudishe sandukuni kabla ya alasiri.